Jalada la Mtumishi

Wanachama wengi humdhania Afisa Utumishi kuwa mtu wa kuajiri na kufukuza tu. La hasha; sehemu kubwa ya siku yake hupita katika majalada: barua za ajira, likizo, vyeti vya daktari, michango ya hifadhi ya jamii. Ni kazi isiyo na sifa, nayo huonekana siku inapokosekana.

Tuseme mlinzi wa ghala ametumikia chama miaka 9 mfululizo, kisha akapunguzwa kazini. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004, hustahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Yaani siku 63. Lakini barua yake ya ajira haionekani, na Katibu aliyemwajiri amekwisha kuondoka. Shauri likifika mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira huwa juu ya chama, wala si juu ya mlinzi. Gharama zake hulipwa kwa ushuru wa mazao ya wanachama wale wale waliolalamika kwamba karani wa majalada hana kazi.

Maelezo ya ajira hutakiwa kutunzwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Kabati likijaa, litafutwe jingine.