Njugu mawe: chakula cha nguvu, lakini mbabula ibaki inje



Kila mwisho wa mwezi, mbele ya mshahara kutoka, nyama na samaki vinapungua katika sahani. Inabaki bukari na sombe, na siku zingine bukari na lengalenga tupu. Mtu mzima anavumilia. Lakini mtoto mdogo anayekula hivi juma kwa juma anaweza kuanza kuvimba miguu, nywele zake zinageuka nyekundu na nyepesi, anakataa kucheza. Hiyo ni kwashiorkor, ugonjwa wa lishe mbaya, na unaweza kuua.

Kuna chakula cha wazee wetu kinachosaidia kuzuia hatari hiyo, na bei yake iko chini ya bei ya nyama. Ni njugu mawe, zile ambazo Wabemba wanaita ntoyo. Wamama wengi wanaziacha sokoni, wanasema: «Zinakula makala.» Ni kweli, ni ngumu. Leo tunaeleza namna ya kuzichagua, namna ya kuzipika kwa makala kidogo, na namna ya kuzipika bila kuleta kifo nyumbani.

NJUGU MAWE NI NINI?

Ni mbegu ya mviringo inayokomaa chini ya udongo, sawa karanga. Ganda moja linabeba mbegu moja, mara chache mbili. Kuna nyeupe, nyekundu, nyeusi, na zenye madoa. Asili yake ni Afrika ya Magharibi, na Wazungu walizipa jina la Wabambara, watu wa Mali.

Katika gramu 100 za njugu mawe kavu, karibu gramu 20 ni protini, ile inayojenga mwili. Unga wa mahindi unatoa kama gramu 8 tu, tena protini yake ina upungufu. Upungufu huo njugu inaujaza. Kwa hiyo bukari na njugu mawe katika sahani moja ni sawa watumikaji wawili wanaosaidiana: kile ambacho mmoja hawezi, mwenzake anakifanya.

WAPI TUTAZIPATA?

Kwetu Katanga zinapandwa mvua zinapoanza, mwezi wa 11 au wa 12, na zinavunwa mvua inapokwisha, kama mwezi wa 4 au wa 5. Wakati huo wamama wa vijijini wanazileta mbichi. Hizo tunazichemsha na maganda yake na chumvi, na zinaiva upesi kuliko kavu. Miezi mingine tafuteni zilizokauka kwa wauzaji wa maharagi na karanga.

Mbele ya kulipa, tieni mkono ndani ya mfuko, msitazame zile za juu tu. Njugu nzuri ni kavu, nzito, haina tundu la mdudu. Yenye ukungu, au yenye harufu ya kuoza, muikatae hata kama bei ni ndogo. Ukungu unaweza kuacha sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Nyumbani zihifadhini fasi kavu, juu ya mbao, si chini kwa simenti.

Wenye shamba ndogo wanaweza kupanda wenyewe: njugu mawe zinavumilia jua na udongo maskini. Lakini msipande karibu na chimni ya kiwanda, wala juu ya udongo wa taka za madini, wala penye maji yanayotoka katika usafishaji wa madini. Mbegu hii inakaa ndani ya udongo. Madini yaliyoingia ndani ya chakula hayatoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa.

NAMNA YA KUZIPIKA

1. Chagueni njugu, toeni mawe na zilizooza. Osheni vizuri.

2. Kwa kopo moja la njugu, tieni makopo matatu ya maji. Ziache usiku mzima. Baba anapoenda kwa kazi ya usiku, zitieni ndani ya maji. Anaporudi asubuhi, ziko tayari kwa moto.

3. Mwageni maji yale, tieni mapya. Hivi tumbo halitajaa gesi sana.

4. Chemsheni na kifuniko juu. Zilizolowekwa zinaiva mbele ya zile ambazo hazikulowekwa, ambazo zinaweza kuomba masaa matatu na zaidi.

5. Kwa kupunguza makala, baada ya saa moja ya kuchemka tieni sufuria na kifuniko chake ndani ya kikapu, mfunike vizuri na blanketi ya zamani. Ziache masaa mawili, kiisha rudisheni kwa moto. Punje ikisagika kati ya vidole viwili, imeiva.

6. Nyanya, kitunguu, chumvi na mafuta ya ngazi kidogo vinaingia mwisho. Uchachu wa nyanya unazuia njugu kulainika. Soda inalainisha upesi, lakini inaharibu vitamini; afadhali maji ya usiku.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupewa njugu iliyosagwa laini na kutolewa ngozi, pamoja na maziwa ya mama. Msimpe punje nzima, inaweza kumkaba. Chai isinywewe pamoja na chakula hiki, maana inazuia damu kupata chuma.

MBABULA NA KIFO CHA USIKU

Sasa tusikilizane vizuri. Chakula kinachoomba moto wa masaa mengi kinaleta majaribu: mvua inanyesha, ni usiku, mama anaingiza mbabula ndani, anafunga mlango na dirisha, anaacha sufuria ichemke, watu wote wanalala.

Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi, na mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anatapika, miguu inalegea. Aliyelala hasikii kitu. Haamki.

Ninyi mnaotumika chini ya udongo mnaijua sheria: baada ya kulipua baruti, hakuna anayerudi pale mbele ya hewa kusafishwa. Gesi hiyohiyo iko ndani ya moshi wa baruti. Basi sheria ya mine iwe sheria ya nyumba. Mbabula ni ya inje, au ya baraza iliyo wazi, hata kama makala yameonekana kuzimika.

Mkimkuta mtu amezimia karibu na mbabula: fungueni milango na madirisha, mtoeni inje upesi, msikawie ndani ninyi wenyewe. Msimnyweshe maziwa wala maji. Mpelekeni mara moja hospitali au dispansere, na mwambieni munganga kwamba kulikuwa makala.

Njugu mawe inashindwa na maji ya usiku mmoja. Haiombi moto wa kulala nao. Wamama, leo jioni tieni kopo moja ndani ya maji. Wababa, kesho jengeni kibanda kidogo cha kupikia inje, hata cha mabati mawili, mbele ya mvua kuwakuta.