Makala yetu yaliyoloa ndani ya kave

Kila mwaka, mvua ikikaribia, bei ya makala inapanda hapa Lubumbashi. Ba mama wanajua hesabu hiyo kutupita sisi. Barabara ya Kasenga inajaa matope, wale wanaosukuma saki kwa velo wanachelewa, na saki ya wakati wa mvua mara nyingi inauzwa na maji yake ndani. Unalipa uzito, kumbe nusu ya uzito ni mvua.

Ndiyo maana sisi wa delegasyo sindikali tuliwaza hivi: tununue pamoja wakati wa kiangazi, mwezi wa nane, tuweke mahali pamoja, halafu tugawe mwezi wa kumi na mbili. Wafanyakazi wakaitika. Kila mtu alitoa kidogo kidogo kwenye mshahara, tukapata saki 80, makala makavu ya mti mgumu, yanayolia kama chuma ukiyagonganisha. Kilichobaki kilikuwa depo. Tukapewa kave chini ya nyumba moja ya zamani ya kambi, ya matofali ya wakati wa Wabelgiji, yenye mlango wa chuma na kufuli. Tulilifurahia sana lile kufuli. Tuliogopa wezi, maji hatukuyawaza hata kidogo.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili tukafungua. Chini hapakuwa na dimbwi hata moja. Lakini saki za safu ya chini zilikuwa nzito kama za mchanga, zile zilizogusa ukuta zimeota ukungu mweupe, na ndani makala yamevunjika yakawa vumbi. Siku ya kugawa, mama mmoja alisimama mbele ya watu wote akatuuliza: "Bino baba ba sindika, mulituletea makala ama mulituletea mayi?" Hatukuwa na jibu.

Jibu tulilipata baadaye kwa fundi mwashi mzee, na mtu wa mine angepaswa kulijua mwenyewe. Sima inakunywa maji. Udongo ukiloa, ukuta ulio chini ya ardhi unayavuta na kuyapandisha polepole, hata kama bomba halikupasuka. Halafu hewa ya mvua, yenye joto na unyevu, ikiingia ndani ya kave ya baridi inaacha maji yake ukutani, vile chupa ya bia inavyotoa jasho mezani. Sisi tulikuwa tunafungua mlango kila juma "kusudi hewa ipite", mchana, mvua inanyesha. Tulikuwa tunaingiza maji kwa mikono yetu.

Hasara ya pesa tungeweza kuivumilia. Lakini mwenzetu mmoja alipeleka saki yake nyumbani, akaona makala hayashiki moto, yanapasuka na kurusha cheche. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika na mvua ilikuwa kubwa. Akaingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala, akapanga makala yaliyoloa kuizunguka ili yakauke, akafunga dirisha. Saa nane ya usiku mke wake aliamka kichwa kinamuuma, miguu haina nguvu, watoto wawili wanatapika. Alitambaa mpaka mlangoni akaufungua. Ndiyo iliyowaokoa. Asubuhi majirani walisema malaria, wengine walisema chakula, wengine mnajua walisema nini. Lakini malaria haishiki watu wanne saa moja, bila homa, halafu ipungue wakitoka nje.

Ni gazi, bandugu, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu ikijaa gazi, mwili unakosa pumzi huku mtu anahema. Haikai chini wala juu, inajichanganya na hewa ya chumba kizima, basi kulala sakafuni au kitandani hakusaidii kitu. Sisi tunaijua. Baada ya kulipua mwamba hakuna anayeingia mpaka vantilasyo isafishe hewa, na shefu akitulazimisha kuingia mbele ya wakati tunagoma. Kule Marcinelle, Ubelgiji, tarehe 8 mwezi wa nane 1956, moto wa mine uliua watu 262, na wengi wao hawakuguswa na ndimi za moto, gazi hii ndiyo iliyowamaliza. Kile tunachokikataa chini ya ardhi, tunakiruhusu pale watoto wanapolala.

Kule Ulaya, wengi wanaopasha nyumba joto kwa vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa wanaviweka ndani ya kave vilevile. Vikiloa vinavimba na kurudi unga, haviponi tena. Na depo zao zilizofungwa zimeua watu bila moto wowote, kwa sababu mbao zile zinatoa gazi hiyohiyo zenyewe. Makala yetu angalau yanaweza kukaushwa: nje, juani, juu ya bashe, yakigeuzwageuzwa. Nje, tunarudia.

Mwaka huu tumeacha kave. Tumejenga kibanda cha bati, kuta zina nafasi za kupitisha upepo, saki ziko juu ya palete, mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja. Makala yaliyotoka tanuru yanabaki nje kwanza siku mbili tatu na tunayapapasa, maana yanaweza kuficha moto na kuwaka tena ndani ya saki. Lile vumbi la mwaka jana ba mama wamelichanganya na udongo na uji wa muhogo, wakalifinyanga, linapika maharagi vizuri. Familia kumi na moja bado zinatudai saki zao. Tutazilipa kwanza, mbele ya kugawa saki nyingine yoyote, na daftari liko wazi kwa delege wa kila ekipe.