Kipya kinyemi, lakini tusing'oe shina zima

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii nimeikumbuka mara nyingi tangu Oktoba 2025, kwa kuwa kipya kilichobisha mlangoni pangu hapa Thika kilikuja na kidonda chake waziwazi.

Ninayo tarakilishi ndogo niliyoinunua mwaka 2019, ikiwa tayari imetumika na mwingine. Imenichapia mitihani, maazimio ya kazi na ripoti za wanafunzi bila manung'uniko. Kisha siku moja maneno yakajitokeza kwenye skrini yakinieleza kwamba huduma ya mfumo wa Windows 10 imefikia kikomo, na kwamba mashine hii haikutimiza masharti ya kupokea Windows 11. Fundi wa kwanza niliyemwendea aliitazama kwa dakika mbili akanishauri ninunue nyingine. Wa pili, huko Ruiru, alijisifu kuwa ana ujanja wa kuyaruka masharti hayo. Aliufanya ujanja wake na nikarudi nyumbani nikichekelea. Kabla ya juma kuisha, printa yangu ilikuwa haisikii amri, na tarakilishi ikichukua muda wa kunywa chai nzima kabla ya kuamka. Ilinibidi nilipe tena ili nirudishiwe mfumo wa zamani.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye mambo haya si kazi yake, mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha tarakilishi na kuziongoza programu nyingine zote. Windows 10 ilitolewa na kampuni ya Microsoft mwezi Julai 2015, na kampuni hiyo ikakomesha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wakati shule zetu zikijiandaa kwa mitihani ya KCSE. Mrithi wake, Windows 11, alikuwa sokoni tangu Oktoba 2021. Tatizo ni kwamba mrithi huyu ni mteuzi. Hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, mambo ambayo mashine nyingi kuukuu zinayo; lakini hudai pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa prosesa za Intel, isipokuwa chache, kinachokubalika ni kizazi cha nane, kilichoanza kutolewa mwaka 2017, na vile vilivyofuata.

Hapo ndipo masikini anapobanwa. Aghalabu shule na walimu wa sehemu zetu hununua tarakilishi zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo. Mashine iliyofika dukani Thika mwaka 2019 yamkini iliundwa mwaka 2015 au 2016. Kwa mwenyewe ni mpya, ila kwa aliyeandika masharti ni mzee aliyepitwa na wakati.

Mwalimu mmoja rafiki yangu, anayefundisha somo la Tarakilishi katika shule ya kutwa huko Ruiru, alinialika nikaitazame maabara yake. Nilizikuta mashine 24, zilizonunuliwa kwa michango ya wazazi. Alikuwa amezipima zote, na 19 zilikuwa zimeshindwa. Muuzaji alimtajia shilingi 28,000 kwa kila tarakilishi moja iliyotumika ambayo ingekubali mfumo mpya. Jumla yake ni shilingi 532,000. Mkuu wa shule alipoiona hesabu hiyo, aliuliza swali ambalo mwalimu huyu hajalisahau: je, haingekuwa nafuu kulifuta somo lenyewe?

Swali hilo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Somo likifutwa, mtoto wa mwenye nacho atajifunzia nyumbani. Wa mama mchuuzi wa mboga atamaliza shule bila kuijua tarakilishi, ilhali mashine 24 nzima zimefunikwa vitambaa katika chumba kilichofungwa.

Ama kwa hakika mashine hizo hazijafa. Asubuhi ya tarehe 15 Oktoba 2025 ziliwaka kama zilivyowaka jana yake. Kilichokwisha ni ahadi ya mwenye programu kwamba ataendelea kuziba nyufa ambazo wezi na virusi hupenyea. Ni muhimu kuyatenga mambo haya mawili, kwa maana wauzaji wengine hufurahia tukiyachanganya.

Hata hivyo, sisemi kwamba hatari haipo. Mwezi Mei 2017 programu haramu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Dawa ya ufa iliopenyea ilikuwa imetolewa na Microsoft miezi miwili kabla, mwezi Machi, lakini tarakilishi nyingi zilikuwa hazijapewa. Anayeshauri kwamba tupuuze tu ujumbe ule na kuendelea kama kawaida, huku tukihifadhi alama za wanafunzi na kulipia bidhaa kwa mtandao, anatupotosha.

Basi njia ni ipi? Jibu naliona palepale Ruiru. Msomaji atakumbuka kwamba watafiti wa kahawa wa mji huo walitoa mwaka 1985 aina mpya waliyoiita Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa kuozesha matunda mabichi na ule wa kutu ya majani. Ni sadfa tu kwamba inashiriki nambari na mfumo huu unaotusumbua. Wapo wakulima ambao hawakung'oa mibuni yao ya zamani ya SL 28 na SL 34. Waliikata juu, wakapandikiza vikonyo vya aina mpya kwenye mashina yaleyale, na mizizi iliyokuwa imeshuka ardhini kwa miaka mingi ikaendelea kulisha matawi mapya.

Shule nazo zinaweza kupandikiza. Kwanza, Microsoft yenyewe iliweka utaratibu wa kununua nyongeza ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Kwa taasisi za elimu zenye mkataba wa leseni, bei iliyotangazwa ni dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu. Jumla ni dola 7, takribani shilingi 900 kwa miaka mitatu. Kwa mashine 19 za rafiki yangu, gharama hiyo haifiki shilingi 20,000. Linganisha na ile 532,000.

Pili, ipo mifumo isiyolipiwa inayotokana na Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Mmojawapo ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake kwa lugha za huko ni utu. Mashine nyingi zilizokataliwa na Windows 11 huupokea mfumo wa aina hii, au mwingine mwepesi zaidi wa ukoo huohuo. Ugumu upo, wala sitauficha. Mwalimu aliyezoea kufundisha hifadhidata kwa Access itambidi ajifunze upya, na ni lazima ahakikishe mapema kwamba watahiniwa wake wataufanya mtihani wa vitendo kwa programu walizozizoea. Kwa sababu hiyo busara ni kuanza na mashine chache za vidato vya chini, si kugeuza maabara nzima mwezi mmoja kabla ya mtihani.

Tatu, mashine ya kujifunzia kuchapa na kuandika programu si lazima iunganishwe na intaneti. Ikitengwa na mtandao, na diski za kubebea mkononi zikikaguliwa, itatumika miaka mingi.

Nina ombi kwa wakuu wa shule na kamati za wazazi. Kabla ya kulipa hata senti moja, muulizeni muuzaji prosesa ni ya kizazi gani na huduma ya mfumo wake itakoma lini, kisha mlitake jibu hilo kwa maandishi. Windows 7 ilikomeshwa Januari 2020, na kabla yake XP mwezi Aprili 2014. Tarehe hizi hutangazwa miaka kadhaa kabla, na mara zote tatu tumeshtuka kana kwamba tumevamiwa usiku. Wizara ya Elimu nayo ingefaa izitumie shule zote waraka wa kurasa mbili wenye tarehe na bei hizi, na taasisi zetu za ufundi zilizo baina ya Ruiru na Thika ziwatume wanafunzi wao wa mwaka wa mwisho kuzisaidia shule jirani kupandikiza mifumo. Vijana watapata mazoezi, na shule zitapata mafundi.

Nanyi wanafunzi, msikariri mahali pa vibonyezo tu. Vibonyezo vitahamishwa tena na tena mkiwa hai. Aliyeelewa faili ni nini na mfumo endeshi hufanya kazi gani hatapotea, hata akiwekwa mbele ya skrini asiyowahi kuiona.

Rafiki yangu wa Ruiru amemwomba mkuu wake muhula mmoja. Mashine 4 tayari amezipandikiza Ubuntu, na kwa zile 15 zilizobaki ameandika barua ya kuomba nyongeza ya huduma. Somo halijafutwa.