Samaki wa Kufuga Nyumbani: Tazama Maji Kwanza, Kisha Uchague Samaki



Siku za karibuni tulisafiri kutoka Mombasa kwenda Masii, katika kaunti ya Machakos, kumzuru binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko. Wasomaji wetu walioipita barabara ya Machakos kwenda Kitui waijua nchi ile: vilima vilivyokatwa matuta, miembe, mchanga wa mito iliyokauka, na punda wabebao mitungi ya maji. Maji huko ni mali. Mama wa nyumba huyahesabu kama ahesabuvyo unga.

Tulipokwisha kusalimiana na kunywa kahawa, mtoto wake mwanamume mwenye umri wa miaka saba alitushika mkono akatuonyesha bakuli la kioo, tupu, juu ya kabati. Mlikuwa na samaki wawili wa dhahabu, walionunuliwa mjini pamoja na bakuli lenyewe. Wa kwanza alikufa siku ya nne, wa pili siku ya sita. Mtoto hakulia mbele yetu. Aliuliza tu, "Babu, ni sisi tuliowaua?"

Mama yake aliinamisha kichwa. Baadaye alitwambia, "Ami, nataka kununua wengine, tena wa kuzaliana, ili mtoto ajifunze kulea. Lakini naogopa wasife tena. Na jirani wasema namwaga maji ya watu kwa mchezo."

Tuliona kuwa maswali haya mawili, la mauti na la israfu, hayafai kupuuzwa. Twayajibu hapa kwa faida ya kila nyumba yenye mtoto aliyesimama mbele ya duka la samaki akakataa kuondoka.

Kwanza twaseme neno juu ya yule mtoto. Sote twaijua habari ya Abu Umair, mtoto mdogo wa zama za Mtume wetu (s.a.w.), aliyekuwa na ndege wake wa kuchezea, na ndege yule akafa. Mtume hakumkemea mtoto kwa kufuga, wala hakuidharau huzuni yake. Alimuuliza kwa upole habari za ndege wake. Wanavyuoni wamechukua katika kisa hicho kwamba kufuga kiumbe kwa furaha ya mtoto kwajuzu, maadamu hakidhulumiwi. Na upande wa pili twaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula. Kwa hiyo ruhusa ipo, na sharti lipo. Anayemtia kiumbe ndani ya kioo amemkatia njia zote za kujitafutia riziki, na dhamana imebaki shingoni mwake.

Sasa kwa nini samaki wale walikufa? Si kwa njaa. Samaki hutoa uchafu ndani ya maji yale yale anayoyavuta, na uchafu ule hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokaa muda, vijidudu visivyoonekana kwa macho huishi juu ya changarawe na ndani ya chujio, huigeuza amonia ikawa nitriti, kisha nitriti ikawa nitrati, ambayo madhara yake ni machache. Lakini vijidudu hivyo huhitaji kiasi cha wiki nne hadi sita kuenea. Bakuli jipya halina hata kimoja. Tena samaki wa dhahabu hali yake si ya bakuli: hukua akapita urefu wa kiganja, huchafua maji sana, na akitunzwa vyema aweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Yule mtoto hakuua. Aliuziwa kiumbe mkubwa ndani ya nyumba ndogo, na hakuna aliyemweleza.

Kosa la wengi wetu ni kuchagua samaki kwa rangi, kisha kuanza kuhangaika na maji. Njia iliyonyooka ni kinyume chake. Yatazame maji unayoyapata kila wiki bila taabu, utazame na baridi ya nyumba yako, kisha utafute samaki aliyeumbwa kwa hali hiyo.

Maji ya binti yetu hutoka katika kisima kirefu cha pampu. Ni maji magumu: sabuni haitoi povu upesi, na sufuria ya chai huacha utando mweupe. Wengi huyaona maji hayo ni mabaya kwa samaki. Sivyo. Wapo samaki wa mito ya Amerika Kusini wapendao maji laini, na hao wasiletwe Masii. Lakini jamii ya samaki wazaao watoto hai, yaani gapi, moli na plati, hustawi katika maji magumu. Moli hustahimili hata chumvi kidogo. Nao ndio wepesi kuzalisha: hapana mayai ya kulindwa, jike huzaa watoto wanaoogelea tayari, kila baada ya kiasi cha wiki nne.

Ilibaki baridi. Gapi na moli hupenda maji ya joto la nyuzi 24 hadi 28, na hapa kwetu pwani hawahitaji chochote cha kuwatia joto. Masii, usiku wa Julai, maji ya sebuleni hushuka chini ya hapo, na kifaa cha kupasha maji hakina faida stima ikikatika. Plati, ambaye asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, hustahimili hata nyuzi 18. Kwa hiyo tulimwambia binti yetu: kwako ni plati, na dada yako aliye Mombasa ni gapi au moli. Nyumba hizo mbili ni za ukoo mmoja, lakini kila moja ina samaki wake.

Kuna wengine waulizwao sana. Beta, samaki wa Thailand mwenye mapezi kama shela, huvuta hewa juu ya maji na dume hujenga kiota cha mapovu akalinda mayai mwenyewe. Ni ajabu kumtazama. Lakini madume wawili hawakai pamoja, jike naye lazima atolewe baada ya kutaga, na kila dume mchanga huhitaji chombo chake. Hiyo ni kazi ya mzoefu. Na yeyote anayewaweka madume pamoja ili atazame vita, ajue kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane. Akiongeza na dau, amekusanya madhambi mawili.

Wapo pia mbuna wa Ziwa Nyasa, wenye rangi za buluu na manjano, ambao jike huatamia mayai kinywani kwa muda wa kama wiki tatu bila kula. Maji ya Masii yangewafaa, kwani maji ya ziwa lile ni magumu kiasi. Lakini ni wagomvi, na tangi lao halipungui lita 200. Nyumba inayonunua maji kwa mtungi isijitwike mzigo huo.

Na yuko mmoja ambaye watu wa pwani twapaswa kumjua kuliko wageni. Ni jamii iitwayo Nothobranchius, samaki wadogo wa madimbwi ya mvua. Mmoja wao, guentheri, kwao ni Unguja; mwingine, palmqvisti, hupatikana pwani ya kusini mwa Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania. Dimbwi likikauka, samaki wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope kavu miezi mingi, yakingoja mvua. Mvua ikinyesha huanguliwa, na baada ya wiki chache wamekwisha pevuka na kutaga. Wafugaji wa Ulaya na Amerika huyahifadhi mayai hayo katika udongo wenye unyevu kidogo ndani ya mifuko, kisha huyatia maji. Watu wa Ukambani, wanaopanda mbegu katika ardhi kavu wakingoja mvua za Oktoba, wangemwelewa samaki huyu upesi. Hata hivyo hatumshauri anayeanza, kwani watoto wake wadogo hutaka chakula kilicho hai.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Tangi la lita 60 ni mitungi mitatu. Litie changarawe iliyooshwa, mimea ya majini na chujio dogo, uliache lifanye kazi wiki kadhaa kabla ya kununua samaki. Ukitumia maji ya mfereji yaliyotiwa klorini, yaache wazi siku nzima kwanza. Anza na samaki wachache: dume mmoja kwa majike wawili au watatu, asije akalichosha jike moja kwa kulifukuza. Wape chakula kidogo mara mbili kwa siku, kiasi watakachokimaliza kwa dakika mbili. Watoto wakizaliwa, mama yao mwenyewe huwala. Basi tia mimea inayoelea na kuning'iniza mizizi, wapate kujificha. Kiini cha yai lililochemshwa, kilichosagwa na kutiwa chembe tu, chawatosha siku za kwanza. Mwenye kilema usimwache azae, na kila baada ya vizazi vichache badilishana dume na mfugaji mwingine.

Ama ile israfu: kila wiki hubadilishwa sehemu moja kwa tano ya maji, yaani lita 12. Maji yale yana mbolea. Binti yetu huyamwagia sukuma wiki na miche ya pilipili nyuma ya jiko, ambayo ingenyweshwa kwa vyovyote. Maji yametumika mara mbili, na jirani hana hoja tena.

Twaonya jambo moja. Samaki wakizidi, usiwatupe mtoni wala bwawani. Mbuta, aitwaye sangara Tanzania, alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu wadogo wa ziwa lile wakatoweka. Tafuta mwenye duka au jirani wa kuwapokea kabla hujaanza kuzalisha. Ukikosa, punguza majike.

Mwezi uliopita binti yetu alitupigia simu. Plati wake wa kwanza alizaa alfajiri, na mtoto aliwahesabu watoto kumi na mmoja kabla ya kwenda shule. Aliporudi aliwakuta tisa. Alimuuliza mama yake, "Hawa wawili nao, ni sisi?" Mama akamjibu, "La, hao wameliwa na mama yao. Sisi tulisahau kuongeza mimea." Jioni ile, kabla ya chakula, mtoto aliongeza mimea kwa mkono wake.

Wabillahi tawfiq.