Damu kwenye fizi ni onyo: mfupa wa jino ukiliwa haurudi

Ukipita ufuoni mwa Diani wakati wa maji kupwa, utaiona minazi ambayo mizizi yake imebaki nje. Makuti ni mabichi, madafu yamo, na asiyetazama chini atadhani mti ni mzima. Kumbe mawimbi yamekuwa yakichota mchanga kidogo kidogo, na kusi moja kali itauangusha. Ndivyo yanavyopotea meno mengi ya watu wazima. Jino lenyewe halina tundu wala halijaoza, bali kilichokuwa kikilishika ndicho kilichokwisha.

Wiki hii, ndugu msomaji, tuuzungumzie mfupa wa taya unaoshika meno. Huenda ukajiuliza mbona daktari wa magonjwa ya kawaida anaandika habari za meno. Sababu ni kwamba wenye kisukari, waja wazito na wavutaji sigara hupita kwetu kwanza. Wengi hutaja fizi mwisho kabisa, wakiwa tayari wameshika mlango: "Daktari, na hizi fizi nazo hunitoka damu." Jambo hilo halistahili kutajwa mlangoni.

Jino limeshikwa vipi?

Watu wengi hudhani jino limekita katika mfupa kama msumari katika ubao. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nafasi nyembamba isiyofika hata nusu milimita, nayo imejaa nyuzi imara. Upande mmoja nyuzi hizo zimeingia katika mzizi, na upande wa pili katika mfupa. Kwa hiyo jino limetundikwa mithili ya mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba. Unapotafuna kashata au muhogo wa kuchoma, jino hudidimia kidogo na kurudi, na uzito wa kutafuna ukaenea katika taya.

Mfupa huu upo kwa ajili ya jino. Jino linapoota, nao hujengeka. Jino likiondoka, nao huanza kuyeyuka. Vipimo vinaonyesha kuwa baada ya gego kung'olewa, takriban nusu ya upana wa mfupa mahali pale hupotea katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ndiyo maana mzee aliyepoteza meno yote huonekana mashavu yamebonyea na kidevu kimesogelea pua. Ndiyo maana pia meno ya bandia yaliyomkaa vizuri mwanzoni huanza kucheza baadaye.

Kwa mtu mwenye afya, ukingo wa mfupa uko milimita 1 hadi 2 chini ya pale taji la jino linapokutana na mzizi. Fizi zilizoufunika huwa thabiti na hazitoki damu zikiguswa na mswaki. Rangi isikutie wasiwasi: fizi nyeusi au zenye mabaka meusi ni jambo la kawaida kwetu na si ugonjwa.

Ukoga ndio mwanzo

Kila siku utando laini wa bakteria hujijenga juu ya meno, hasa pale yanapopakana na fizi. Huo ndio ukoga. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa mgumu kama tumbawe, na hapo mswaki hauwezi tena kuutoa.

Mwaka 1965, mtaalamu Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, fizi za wote zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu. Waliporudia kupiga mswaki, zilipona katika muda wa kama wiki moja.

Hapa kuna habari njema. Ugonjwa ukiwa bado katika fizi peke yake, waweza kuondoka kabisa bila kuacha alama. Damu unayoiona kwenye mswaki ni onyo linalotolewa mapema.

Mstari usiovukwa mara mbili

Onyo hilo likipuuzwa, fizi hubanduka kutoka kwenye jino na kufanya mfuko. Bakteria huteremka ndani ya mfuko huo, mahali ambapo mswaki haufiki. Mwili nao hupeleka kinga yake kupigana.

Mfupa wowote ulio hai una chembe zinazobomoa sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojenga upya, kama mafundi wa nyumba moja. Vita vya mfukoni vikiendelea, kinga ya mwili yenyewe hutoa kemikali zinazowachochea wabomoaji kuwashinda wajenzi. Mfupa huanza kurudi nyuma, ukiwakimbia bakteria. Nyuzi zile hukatika na mzizi hukosa wa kuushika.

Kibaya zaidi ni kwamba kwa kawaida hakuna maumivu. Tundu la jino litakukesha usiku, lakini mfupa waweza kuliwa kwa miaka kumi nawe unakula samaki wa nazi bila taabu. Na mfupa uliokwenda haurudi wenyewe. Tiba husimamisha hasara. Ni mara chache, na kwa upasuaji wa bingwa, ambapo sehemu ya mfupa hurejeshwa.

Je, ni uzee?

Hapa Kwale, kama kwingineko, utasikia mtu akisema meno yamelegea kwa sababu ya umri. Uchunguzi unakataa.

Mwaka 1986, Löe na wenzake walitoa taarifa ya wanaume 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, waliofuatwa kwa miaka 15. Kupiga mswaki hakukuwa desturi yao, na wote walikuwa na ukoga na fizi zilizovimba. Hata hivyo, ni asilimia 8 tu walioharibikiwa upesi. Asilimia 81 waliharibikiwa polepole, na asilimia 11 ugonjwa haukuvuka fizi.

Hapa Kenya, uchunguzi uliofanywa Machakos na kuchapishwa mwaka 1988 uliwahusu zaidi ya watu 1,100 wa umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga ulikuwa mwingi na fizi zilitoka damu, lakini hasara kubwa ilikuwa imewaangukia watu wachache. Kama umri pekee ndio ungekuwa sababu, wazee wote wangekuwa sawa.

Basi ni nani aliye katika hatari zaidi?

Mwenye kisukari. Sukari ikiwa juu, kinga hupigana vibaya na mfupa huliwa haraka. Nao uvimbe wa fizi hufanya sukari iwe vigumu kushuka. Majumuisho ya chunguzi nyingi yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kuwa kutibu fizi hupunguza kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kwa kama nukta 4 ya asilimia. Si nyingi, lakini kwa mgonjwa anayehangaika na vidonge ni msaada wa kweli.

Mtumiaji wa tumbaku. Sigara huongeza hasara ya mfupa na wakati huohuo hupunguza damu ya fizi, hivyo mvutaji haoni onyo. Asijisifu kwamba fizi zake hazitoki damu. Wanaoweka ugoro mdomoni au kutafuna tambuu yenye tumbaku nao wajue kuwa wanahatarisha fizi, na pia wanakaribisha saratani ya kinywa.

Mja mzito. Mabadiliko ya mwili wakati wa mimba hufanya fizi zivimbe upesi. Si kweli kwamba mtoto hunyonya kalsiamu kutoka kwenye meno ya mamaye na kuyalegeza. Kinachotakiwa ni kusafisha meno zaidi, na kusafishwa na daktari wa meno wakati wa mimba hakuna ubaya.

Vijana wachache. Kuna aina ya ugonjwa huu inayowapata watu wa umri mdogo, hata kabla ya miaka 20, ikishambulia meno ya mbele na magego ya kwanza. Mara nyingi huonekana kwa ndugu wa familia moja. Kijana ambaye meno yake ya mbele yameanza kuachana asiambiwe kuwa ni mwanya wa urembo.

Wapo pia wanaoita kila damu ya fizi kiseyeye na kukimbilia machungwa. Kiseyeye chenyewe huletwa na upungufu mkubwa wa vitamini C. Kwa mtu anayekula matunda na mboga kama kawaida, damu hiyo aghalabu ni ya ukoga. Kula maembe na machungwa ya Kwale, yana faida nyingi, lakini hayaondoi ukoga.

Dalili za kuangalia

- Damu unapopiga mswaki au kuuma tunda.
- Harufu mbaya ya mdomo isiyokwisha.
- Fizi zilizovimba, au zilizoshuka hata meno yakaonekana marefu.
- Chakula kunasa mahali ambapo zamani hakikuwa kikinasa.
- Usaha ukibonyeza fizi.
- Meno kuachana, kusogea au kucheza.

Dalili mbili za mwanzo huwa na nafasi nzuri ya kupona kabisa. Ya mwisho ina maana kwamba mfupa mwingi umeshakwenda.

Tiba yake

Daktari wa meno atapima kina cha mifuko kwa kijiti chenye alama za milimita. Milimita 4 na kuendelea humfanya achunguze zaidi. Picha ya eksirei itamwonyesha mfupa umefika wapi. Kisha atakwangua ukoga mgumu juu ya meno na chini ya fizi, kwa ganzi ikihitajika. Baadaye utatakiwa kurudi kila baada ya miezi michache, kwa kuwa ugonjwa huu hunyamazishwa na kulindwa, hauondolewi mara moja ukasahauliwa.

Wengi huogopa tiba hii wakisema kuwa kusafishwa hulegeza meno. Ukweli ni kwamba ukoga mgumu ulikuwa umeyagandamanisha meno ambayo tayari hayana mfupa, na uvimbe umeficha mizizi. Ukiondolewa, unaona hali ilivyokuwa. Katika wiki zinazofuata fizi hukaza, na meno mengi hutulia kuliko awali.

Usinunue dawa za kuua bakteria dukani ukadhani umejitibu. Ukoga ukibaki, ugonjwa utarudi. Aidha, usiharakishe kung'olewa jino kwa sababu linacheza kidogo. Uliza kwanza: "Je, laweza kuokolewa?" Kumbuka kwamba likitoka, mfupa wake nao utaondoka. Kwa wakazi wa Ukunda, Diani na Lungalunga, ulizia huduma ya meno katika hospitali ya Msambweni au hospitali nyingine ya umma iliyo karibu nawe.

Nyumbani

Piga mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika 2, ukitumia dawa yenye floridi. Elekeza nywele za mswaki pale jino linapokutana na fizi, na usugue taratibu. Pitisha uzi wa meno au kijiti chembamba katikati ya meno mara moja kwa siku. Mswaki wa mti si duni ukitumiwa vizuri: tafuna ncha mpaka ilainike, ikate ikichakaa, na usisahau upande wa ndani na magego ya nyuma. Mkaa na mchanga viache, kwani huyakwaruza meno. Maji ya chumvi hutuliza fizi lakini hayaondoi ukoga.

Damu ikitoka, usiache kusugua mahali hapo. Ndipo panapohitaji mswaki zaidi. Jipe siku 14 za kusafisha vizuri. Ikikoma, endelea vivyo hivyo. Ikiendelea, au ukiwa na kisukari, muone daktari wa meno mwezi huu, wakati mfupa wako bado upo.