Kwa nini kasi pekee haitoshi katika baiskeli ya mazoezi

ANAYEINGIA kwa mara ya kwanza katika darasa la baiskeli za mazoezi ya ndani hukabiliwa na mambo mawili ya kuamua: anyonge pedeli kwa haraka kiasi gani, na akaze kwa uzito gani kile kifundo kilicho chini ya usukani. Muziki unapopamba moto, wengi hushika la kwanza na kulisahau la pili. Miguu huzunguka kama feni, makalio hudundadunda juu ya siti na jasho humiminika, lakini kazi inayofanyika ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Sababu imo ndani ya mashine yenyewe. Nyingi ya baiskeli hizo zina gurudumu moja zito la chuma, na pedeli zimeunganishwa nalo moja kwa moja. Gurudumu hilo likishashika kasi huendelea kuzunguka lenyewe, na kifundo kisipokazwa ndilo linaloivuta miguu, wala si miguu inayolisukuma.

Kazi ya mpandaji hupimwa kwa wati, nazo wati hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya kukanyaga kwa kasi ya mzunguko. Kwa hiyo wati zilezile zaweza kupatikana kwa njia mbili. Mtu anayetoa wati 150 kwa mizunguko 60 kwa dakika, kwenye pedeli yenye mkono wa sentimeta 17, hukanyaga kwa wastani wa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 14 hivi. Akiongeza kasi hadi mizunguko 90 na kulegeza kifundo ili wati zibaki 150, nguvu hiyo hushuka hadi kilo tisa na nusu. Kazi ni ileile, ila mzigo umehamishwa.

Umehamishwa kutoka kwenye misuli kwenda kwenye moyo na mapafu. Kukanyaga kuzito na kwa polepole huchosha mapaja mapema na kuongeza shinikizo nyuma ya kifuko cha goti. Kukanyaga kwepesi na kwa haraka huiokoa misuli, lakini pumzi hutumika zaidi, kwa kuwa hata kuizungusha miguu mitupu kunahitaji oksijeni. Ndiyo maana hakuna kasi moja inayomfaa kila mtu.

Hata mabingwa hawakubaliani. Mwaka 2015 jijini London, Bradley Wiggins wa Uingereza aliweka rekodi ya kilometa 54.526 kwa saa moja akitumia gia ya meno 58 mbele na 14 nyuma, huku akizungusha pedeli zaidi ya mara 100 kwa dakika. Mwaka 2022 Filippo Ganna wa Italia alifikisha kilometa 56.792 kwa gia nzito zaidi, ya meno 65 kwa 14, na mizunguko isiyofika 100. Wote wawili, hata hivyo, walikuwa wameandaa miili yao kwa miaka mingi.

Kwa watu wa kawaida, mwongozo unaojulikana zaidi ni wa programu ya Spinning, iliyoanzishwa California na Johnny Goldberg, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini. Programu hiyo huelekeza mizunguko 80 hadi 110 kwa dakika mpandaji anapoigiza barabara tambarare, na 60 hadi 80 anapoigiza mlima. Baiskeli ikikosa kipimo, mpandaji huhesabu mara goti la kulia linavyopanda katika sekunde 15, kisha huzidisha kwa nne. Goti likipanda mara 20, kasi ni 80.

Kinachopotosha ni kwamba ukumbini hakuna mlima wa kweli. Mchukuzi wa mkaa anayetoka Kisarawe kwenda Dar es Salaam kwa baiskeli isiyo na gia hana haja ya kuhesabu chochote. Mlima ukimshinda, hushuka akasukuma. Ukumbini mlima ni kile kifundo, na anayekikaza ni mpandaji mwenyewe, mara nyingi kwa kumtazama jirani. Dalili za uzito uliozidi hazijifichi: mabega hupanda, kiwiliwili huyumba kila pedeli inaposhuka, na kasi huanguka chini ya 60. Makalio yakidunda, uzito umepungua mno au kasi imezidi uwezo.

Kuna hatari kubwa zaidi ya goti kuuma. Mwaka 2017 madaktari waliandika katika jarida la The American Journal of Medicine kuhusu wagonjwa waliopata rabdomayolisisi baada ya darasa la baiskeli. Katika hali hiyo misuli iliyofanyishwa kazi isiyoizoea huvunjikavunjika, na mabaki yake huingia kwenye damu na kuweza kuharibu figo. Kijana mwenye afya njema naye hasalimiki, na dalili zaweza kuchelewa kwa siku moja au zaidi: mapaja huvimba na kuuma kupita kiasi, na mkojo huwa na rangi kama ya chai ya rangi. Mwenye dalili hizo anahitaji hospitali siku hiyohiyo, si dawa ya kuchua.

Kwa sababu hiyo mgeni hushauriwa kupunguza uzito, kupumzika na kunywa maji hata kama darasa zima linaendelea, na kutoona aibu kuondoka kabla ya mwisho. Ila asiinue miguu ghafla gurudumu likiwa linakwenda kasi, maana pedeli zitaendelea kuzunguka na zaweza kumpiga kwenye miundi. Kwanza apunguze mwendo. Ikiwa ni dharura, katika baiskeli nyingi kifundo kilekile kikigandamizwa chini huwa breki.