Karatasi ya maabara nusura ivunje uchumba wangu

Mpenzi msomaji, wiki hii naanika ya kwangu mwenyewe. Cheka ukitaka, ila soma hadi mwisho.

Miezi michache iliyopita, katika pilikapilika za harusi, nilijipeleka kwenye maabara moja hapa Dar nikapima "kila kitu". Sikuwa na kidonda wala muwasho, kiherehere tu. Majibu yakatoka: hepesi, yale malengelenge ya sehemu za siri, IgM chanya. Jamaa wa dirishani akaniambia bila hata kuniangalia: "Hiyo umeipata juzijuzi tu."

Juzijuzi? Mimi mwenye mchumba mmoja tu? Nikadandia daladala hadi Magomeni, moto mmoja! Maneno niliyomwaga pale mlangoni kwao nayaonea aibu hadi leo. Mwenzangu hakujibu. Akavaa ndala, akanipeleka kwa shangazi yake, daktari mtu mzima.

Nikaamkia, nikatoa karatasi. Shangazi akaguna. "Mwanangu, kwa hepesi wataalamu wanakataa kipimo hiki cha IgM. Kinakosea ovyo, tena hakijui ugonjwa mpya wala wa zamani."

Basi nikapewa darasa la bure, nami nakumegea.

Kwanza, kipimo cha damu hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari wanaotengenezwa na mwili kupambana naye. Askari wa kutafutwa ni IgG, nao huchukua wiki kadhaa kujipanga. Ukikimbilia maabara siku ya kumi baada ya kuteleza, utaambiwa huna, ushangilie bure. Ngoja zitimie wiki 12.

Pili, hata IgG ikisema unayo, ulizia namba. Kwenye vipimo vingi, kuanzia 1.1 unahesabiwa unayo, lakini ikiwa chini ya 3 inaweza kuwa uongo. Inatakiwa ihakikishwe kwa kipimo cha aina nyingine. Na utafiti umeonyesha kwamba kwa damu za Waafrika vipimo hivi hukosea zaidi.

Tatu, virusi hivi viko aina mbili. Aina ya kwanza ndiyo ya vile vidonda vya mdomoni, na wengi tuliipata utotoni. Damu haikwambii mdudu kakaa wapi, kaingia lini, wala kaletwa na nani.

Je, una lengelenge? Usingoje likauke. Wahi hospitali lingali bichi, wachukue majimaji yake wapime. Hapo ndipo penye jibu la kuaminika zaidi. Ukikutwa nayo, dawa ya kuifuta haijapatikana, ila zipo za kuituliza, na watu wanaoa na kuzaa kama kawaida.

Wiki zangu 12 zilipotimia nikapima IgG. Hakuna kitu! Nikakimbia Magomeni na karatasi mpya mkononi. Mwenzangu akaisoma taratibu, akanirudishia.

"Damu yako wameipima," akasema. "Mdomo wako je, nani ataupima?"

Pete bado ninayo mfukoni. Niombeeni, tukutane wiki ijayo.